Maswali ya Mziki wa Gari: Ile Amp ya Kiwandani Ilikuwa Inafanya Kazi Gani?

Habari zenu wapendwa. Safari hii ukurasa wote nimeuachia amplifaya, maana maswali mliyotuma karibu yote yanazunguka hapohapo: mtu ana gari iliyotoka Japani na mziki wake, anataka mziki mnene zaidi, anang'oa amp iliyokuja na gari anafunga ya dukani, halafu ndio kasheshe inaanza. Maswali marefu nimeyapunguza maneno ila kiini sijagusa.

Shikamoo fundi. Nina Nissan Murano imekuja na mziki wa Bose. Nilinunua amp ya chaneli nne, fundi akang'oa ile ya kiwandani akaunga waya zilezile za spika kwenye amp mpya. Siku mbili ikapiga safi kabisa, ya tatu ikaanza kuzima kila nikiongeza sauti, taa nyekundu inawaka na yenyewe imeshika moto huwezi kuweka mkono. Fundi anasema nimeuziwa feki. Nirudishe dukani? (Mwanza)

Marahaba mdogo wangu. Usiirudishe kwanza, hiyo amp inawezekana kabisa ni nzima na inachofanya ni kujiokoa.

Spika za kawaida za gari unazonunua Kariakoo au hapo Mwanza ni za ohm 4 (ohm ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme kupita, ikiwa ndogo mkondo unapita mwingi). Spika za Bose zinazokuja na gari mara nyingi ziko chini sana ya hapo, nyingi hazifiki ohm 2 na kuna nyingine hata 1 hazifiki. Sasa amp za dukani za chaneli nne, nyingi mwisho wake ni ohm 2 kwa kila chaneli, na ukiunganisha chaneli mbili ziwe moja mwisho ni ohm 4. Ukiibebesha spika ya ohm 1 inalazimika kutoa mkondo mkubwa kuliko ilivyotengenezewa, inachemka, inazima, ikipoa inawaka tena. Hiyo taa nyekundu ndio ulinzi wake, na ukiendelea kuilazimisha itafika siku haitawaka tena na hapo ndio utakuwa umepata hasara ya kweli.

Hili nililijifunza kwa mikono yangu. Kuna gari ya jirani niliifungua mlango, nikachomoa plagi ya spika, nikaweka testa kwenye ohm, ikasoma 1.1. Nikajua testa imekufa. Nikagusisha zile pini mbili zenyewe kwa zenyewe ikasoma 0.2, yaani nyaya za testa peke yake zina 0.2. Nikarudi kwenye spika, 1.1 ileile. Toa 0.2 inabaki 0.9. Nilikaa pale chini kwenye kapeti dakika nzima naangalia hiyo namba, kwa sababu mkononi nilikuwa nimeshashika amp mpya ya mwenye gari tayari kuiunga. Tangu siku hiyo sifungi amp bila kupima spika kwanza, hata kama gari naijua. Na wewe fanya hivyohivyo: chomoa spika, pima, toa ile ya nyaya. Spika ya ohm 4 itakusomea 3 na ushee. Ikisoma 1 na kitu au chini ya hapo, fundi wako hana cha kuisingizia amp.

Unaweza ukajiuliza kiwandani walikuwa na akili gani kuweka spika za hivyo. Walikuwa na akili sana. Gari ikiwa inawaka inatoa volti 14 na kidogo, na amp za kiwandani nyingi hazina sehemu ya kupandisha umeme, zinatumia volti hizohizo. Ukipiga hesabu ya karatasi, volti 14.4 kwenye spika ya ohm 4 sauti safi haivuki wati 26. Shusha spika iwe ohm 1, hesabu ileile inakupa wati 100 na ushee. Kwahiyo badala ya kupandisha umeme wakashusha ohm. Amp ya dukani yenyewe ina mashine yake ndani inayopandisha zile volti 14 ziwe nyingi zaidi, ndio maana spika za ohm 4 inazisukuma bila shida. Ni njia mbili tofauti na hazichanganyiki hovyo. Na Bose hawajaanza jana, mfumo wao wa kwanza wa kwenye magari ulitoka na General Motors kwenye magari ya mwaka 1983, na hapo kila spika ilikuwa na amp yake mgongoni, spika na amp vimezaliwa pamoja.

Jambo la pili, na hili watu wengi hawalijui: amp ya kiwandani haiongezi nguvu tu. Humo ndani ndio kuna kazi ya kugawa sauti, hii nyembamba iende kwenye twita, hii ya kati mlangoni, hii nzito nyuma, na ndio kuna ile ekwalaiza iliyopangwa kwa ajili ya gari hiyohiyo, viti vyake, vioo vyake, milango yake. Ukiing'oa umeng'oa vyote. Ndio maana mtu anafunga amp ya bei mbaya halafu anasema mbona mziki umekuwa kama redio ya jikoni.

Mimi ningekuwa wewe ningechagua moja kati ya mawili. Kama spika za milangoni bado ziko vizuri na kiu yako ni besi, rudisha amp ya Bose mahali pake, iache iendeshe milango, halafu ile ya dukani ifanye kazi ya sabufa peke yake. Kama kweli unataka kuachana na Bose, basi achana nayo yote: amp, spika za milangoni, twita, sabufa, vyote viwe vya ohm 4 au vile ambavyo amp mpya inavikubali, na upange mwenyewe mgawanyo wa sauti, milango ianzie Hz 80 kwenda juu, sabufa Hz 80 kwenda chini, halafu uendelee kurekebisha kwa sikio. Nusu nusu ndio imekuunguza.

Fundi habari. Nina Toyota yenye mziki wa JBL. Redio ya Kijapani ilikuwa inanisumbua, stesheni zetu nyingi haishiki na maandishi sielewi, nikaweka redio ya Android. Picha safi, Bluetooth safi, sauti hakuna kabisa, hata kelele. Nimeambiwa amp ya kiwandani imeungua, ning'oe niweke nyingine. (Dodoma)

Dada yangu, amp haijaungua. Haijaambiwa iwake.

Amp haiwaki kwa umeme mkubwa peke yake, lazima iamshwe. Kwenye redio nyingi za dukani kuna waya mdogo wa bluu wenye mstari mweupe, huo ndio waya wa rimoti, ukiwasha redio unatoa volti 12 na amp inaamka. Ule wa bluu mtupu ni wa antena, msiuchanganye. Sasa kwenye gari zenye amp ya kiwandani wakati mwingine fundi anaunga umeme, anaunga spika, waya wa rimoti anaufunga tepu anauacha unaning'inia nyuma ya dashibodi kwa sababu kwenye plagi ya gari haoni pa kuupeleka. Anza na hapo. Mwambie apime na testa, ukiwasha redio kuna volti 12 inafika kwenye pini ya kuamsha amp au haifiki.

Ila kuna baadhi ya Toyota ambazo redio na amp zinaongea kwa waya za data, redio ya zamani ilikuwa inaituma amp amri, waka, zima, ongeza sauti, punguza. Hizo ukitoa redio ya kiwandani amp inabaki inasubiri amri ambayo haiji tena, na hakuna waya wa rimoti utakaoiamsha. Hapo kuna njia mbili, ununue kiunganishi cha gari yako hasa ambacho kinaigiza zile amri, au hapo ndio amp ing'oke kweli na uweke nyingine, na ukiweka nyingine rudi kasome nilichomjibu kaka wa Mwanza kuhusu kupima spika.

Na jambo moja la usalama wa vifaa: redio ya Android ina matokeo ya aina mbili, ya spika yenye nguvu na ya RCA yenye sauti ndogo. Amp ya kiwandani mara nyingi inategemea ile ndogo. Fundi akiunga zile za spika moja kwa moja, siku amp ikiamka sauti itakuja imepasuka hata ukiwa kwenye namba 3. Hilo la stesheni wala sio ugonjwa, FM ya Japani kwa miaka mingi ilianzia 76 ikaishia 90, sisi tunaishia 108, kwahiyo redio ya kule inasikia kipande kidogo tu cha stesheni zetu.

Bro, Mark X yangu nimetoa amp ya kiwandani nimeweka monobloku (amp ya chaneli moja) ya wati 500 na sabufa ya inchi 12. Fundi ametumia waya uleule uliokuwa unalisha amp ya zamani, anasema umeme ni umeme. Fyuzi ilikatika mara tatu, sasa ameweka kubwa zaidi haikatiki. Ila nikipiga sana kuna harufu ya plastiki. Ni kawaida ya vitu vipya? (Morogoro)

Hapana, sio kawaida, na naomba leo usiwashe huo mziki. Chomoa fyuzi ya hiyo amp sasa hivi halafu ndio uendelee kusoma.

Twende kwa hesabu. Wati 500 za sauti hazitoki bure, amp za kisasa za sabufa zinapoteza kama sehemu moja ya tano kwa joto, kwahiyo ili upate 500 inabidi ivute kama 625 kwenye betri. Gawa kwa volti 13.8, ni ampea 45. Waya wa amp ya kiwandani ulipangiwa fyuzi ya 20, labda 30. Ile fyuzi ilipokatika mara tatu ilikuwa inakwambia waya huu hauwezi, na fundi akaiziba mdomo. Fyuzi haipo kuilinda amp jamani, ipo kuulinda waya usigeuke kuwa kuni ndani ya gari. Sasa hivi kitu dhaifu kuliko vyote kwenye huo mstari ni waya wenyewe, unaopita chini ya kapeti, na hiyo harufu ni ganda lake.

Kinachotakiwa ni waya mpya kutoka kwenye betri hadi kwenye buti, kwa urefu wa kama mita 5 na ampea hizo chukua geji 4, yaani milimita za mraba 21, na uwe wa shaba tupu. Hapa watu wanapigwa sana. Waya mwingi wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba juu, na alumini inapitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba. Ukiwa dukani omba kipande, chukua kisu kwaruza uzi mmoja wa ndani: ukiona mweupe chini ya rangi ya shaba ni alumini. Usichanganye na ule uliopakwa rangi ya fedha juu halafu ukikwaruza ndani ni shaba, huo ni mzuri, umepakwa bati usishike kutu. Alumini sio haramu ila panda saizi, usinunue geji 4 ya alumini ukategemea kazi ya geji 4.

Fyuzi ya 60 iwekwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye terminali. Sio kwenye buti, sio katikati. Kipande chochote cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Na pale waya unapotoka kwenye injini kuingia ndani ya gari upite kwenye tundu lenye raba. Niliwahi kuletewa gari yenye malalamiko ya kuzimika zimika, nikafuata waya wa amp kwa mkono kutoka kwenye betri, nikafika kwenye bati nikahisi kitu kinakwaruza kidole. Waya ulipitishwa kwenye tundu la bati tupu, bati limekula ganda, shaba inaonekana upana wa ukucha, na fyuzi iko nyuma kwenye buti. Ilikuwa imebaki mtikisiko mmoja tu kwenye tuta shaba iguse bati. Gari hiyo ilikuwa inapeleka watoto shule kila asubuhi. Sijui mnanielewa kwa nini hili nalisema kila mwezi.

Negativu nayo iwe nene vilevile, geji 4, fupi, isizidi nusu mita, na bati ulikwangue rangi mpaka lionekane jeupe ndio ufunge bolti. Bolti ya mkanda wa siti usiiguse, hiyo ni ya kukuokoa wewe.

Niaje fundi. Niko na matatu, Isuzu NQR, ni ya 24V. Tulitoa mziki wa kwanza tukaweka amp tatu na sabufa. Jamaa aliyefunga alichukua 12 kutoka kwa betri moja. Sasa hiyo betri inakufa kila baada ya miezi michache, ile ingine iko sawa. Tubadilishe aina ya betri? (Nairobi)

Poa kaka. Hata ukiweka betri ya dhahabu itakufa, tatizo ni pale alipochukua umeme.

Kwenye gari ya 24 betri mbili za 12 zimeungwa kwa mstari, na alteneta inazichaji zote mbili kwa pamoja kama betri moja, mkondo unaopita kwenye hii ndio unaopita kwenye ile. Amp zako zinakunywa kutoka kwenye moja tu. Kwahiyo hiyo moja jioni iko chini, mwenzake imejaa, alteneta inaona jumla iko sawa inapunguza kuchaji. Ile ya mziki haishibi hata siku moja, na ile nyingine inapewa zaidi ya inavyohitaji mpaka inachemka maji. Kwahiyo hata hiyo unayosema iko sawa haiko sawa, fungua vifuniko uangalie maji.

Ukipita mtaa wa Luthuli hapo Nairobi utapata konveta ya kushusha 24 kuwa 12. Ila usinunue kwa macho, jumlisha kwanza fyuzi zote za zile amp tatu. Ukikuta zinafika 150, basi konveta ya ampea 30 ni ya redio na taa, itaungua wiki ya kwanza. Kwa mziki wa ukubwa wa matatu ningetafuta kisawazisha betri, kifaa kinachokaa kati ya zile betri mbili na kuhamisha chaji kutoka iliyoshiba kwenda yenye njaa, hapo unaweza kuchukua 12 katikati bila kuua betri ilimradi matumizi ya kawaida hayazidi uwezo wa kifaa. Bei yake inauma lakini piga hesabu ya betri ulizozika mwaka huu.

Assalaam alaykum. Tangu nibadilishe amp kuna mluzi kwenye spika, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Nikizima injini mziki ukiwa unaendelea unapotea. (Zanzibar)

Waalaykum salaam warahmatullah. Huo ni alteneta unaimba ndani ya mziki wako, na mara nyingi mlango anaoingilia ni negativu mbovu.

Weka injini ikiwa inawaka, mluzi unasikika, chomoa nyaya za RCA kwenye amp. Mluzi ukiendelea, shida iko kwenye amp na umeme wake. Ukikata, unatoka mbele, kwenye redio au nyaya za RCA. Kama ni amp, weka testa kwenye volti, pini moja kwenye negativu ya amp, nyingine kwenye negativu ya betri, mziki ukiwa unapiga kwa nguvu. Ukiona zaidi ya 0.2 hapo kuna kizuizi. Huko kwenu chumvi ya bahari haina huruma, bolti iliyokuwa inang'aa mwaka jana leo chini yake kuna kutu ya rangi ya chai. Fungua, kwangua, funga tena na upake grisi juu yake.

Kama ni mbele, angalia fundi aliunganishaje waya za kiwandani na RCA. Redio nyingi zenye amp nje zinatuma sauti kwa waya mbili ambazo zote ni za sauti, chanya na hasi, hakuna hata moja iliyo ethi. Fundi akichukua ile hasi akaifunga kwenye bodi au kwenye ganda la RCA ambalo linaenda kwenye bodi, ameharibu ule mpangilio na mluzi unaingia. Hapo panatakiwa amp inayopokea sauti ya aina hiyo moja kwa moja, au kibadilishi chenye transfoma katikati. Na waya wa RCA upite upande mmoja wa gari, waya mnene wa umeme upite upande wa pili.

Mimi nipo Maskati, nina BMW E60. Nataka kutoa amp ya kiwandani, lakini nikiitoa mfumo wote wa redio na skrini unachanganyikiwa. Nyuma kuna waya mwembamba wa plastiki sio wa shaba.

Ndugu yangu huo sio waya wa umeme, ni nyuzi ya mwanga. E60, pamoja na Mercedes W211 na nyingine za Ulaya za miaka hiyo, zinatumia mfumo unaoitwa MOST, sauti inasafiri kwa mwanga ndani ya plastiki na vifaa vyote vimeshikana mikono kwenye duara. Ukitoa amp umekata duara, kwahiyo na wengine wote wanapotea. Njia nzuri ni kifaa cha MOST kinachoingia kwenye duara mahali pa amp na kukutolea RCA. Njia ya pili, iache amp ya kiwandani palepale, chukua sauti kwenye matokeo yake ya spika, ipeleke kwenye DSP (kifaa cha kuchakata sauti kidijitali) yenye uwezo wa kujumlisha, yaani inachukua twita, ya kati na ya besi inazirudisha kuwa sauti moja kamili, inafuta ekwalaiza ya kiwandani, halafu inagawa upya kwenda kwenye amp zako. Ukiishika ile nyuzi usiikunje, kona yake isiwe kali kuliko nusu kipenyo cha milimita 25, na ncha yake usiiguse na kidole chenye grisi. Na kwa joto la huko kwenu kwenye miezi ya kiangazi usiifunge amp mpya ikiwa imebanwa na kapeti pande zote, iachie nafasi ipumue.

Fundi wangu akimaliza kufunga anazungusha gaini ya amp mpaka mwisho anasema hapo ndio nguvu yote inatoka. Nimeshaunguza twita pea mbili. (Arusha)

Pole sana. Gaini sio kitufe cha sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amp na redio yako, ili redio ikifika juu amp nayo iwe imefika juu palepale, sio kabla. Ukiizungusha mpaka mwisho amp inafika ukingoni redio ikiwa bado nusu, mawimbi yanakatwa vichwa, na hayo mawimbi yaliyokatwa vichwa yanapeleka nguvu ya ziada kule juu, twita ndio inapokea. Wakati wewe unaona nimepiga kidogo tu.

Fanya hivi, na ukae naye hapohapo. Chomoa spika zote kwenye amp. Kwenye redio rudisha besi, trebo na ekwalaiza zote kwenye sifuri, zima vile vya kuongeza besi, na kwenye amp zima vichujio kwa muda. Weka sauti ya redio kwenye robo tatu. Cheza toni ya mfululizo iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa, Hz 50 kwa amp ya sabufa, na kwa milango tumia Hz 200, maana testa nyingi za bei ndogo zinasoma AC kwa uhakika mpaka kama Hz 400 tu, ukipima kwa 1000 wanavyoelekeza wengi zinaweza kukudanganya. Weka testa kwenye volti za AC, pini kwenye matokeo ya spika ya amp. Sasa namba ya kutafuta: chukua wati za kweli za amp kwa chaneli, zile za RMS sio zile kubwa za kwenye boksi, zidisha kwa ohm ya spika, tafuta kipeuo cha pili. Amp ya wati 75 kwenye ohm 4 ni 300, kipeuo chake 17.3. Monobloku ya 500 kwenye ohm 2 ni 1000, kipeuo chake 31.6. Zungusha gaini taratibu kutoka chini mpaka testa isome hiyo namba, simama hapo. Kama spika zako zinabeba wati chache kuliko amp, tumia wati za spika kwenye hesabu.

Ukimaliza rudisha vichujio, zima kila kitu ndio uunge spika, na kwenye twita hakikisha kile kikapasita au kichujio chake kipo, kwa sababu twita zilizokuwa kwenye amp ya kiwandani mara nyingine hazina chake, amp ndio ilikuwa inachuja. Huenda na hizo pea mbili zimeondokea hapo. Halafu chukua kalamu nyeupe uweke alama ndogo pale gaini ilipo, ili siku gari ikirudi kutoka gereji uangalie kama kuna mtu kaizungusha.